Sanduku la rezista linapokudanganya: soma dalili kabla ya kushika bisibisi

Sanduku langu la kwanza nililitoa Gerezani, hapa Dar, kwenye rundo la chakavu, limebanwa kati ya mota ya feni na kompresa ya friji. La kijivu, nobu sita, tamino za shaba (pale unapofungia waya) zimeota ukijani. Muuzaji akaniapia: "Boss, redio ya jeshi hii, hupati tena." Nikampa elfu thelathini na tano, sikubishana sana, maana nilishajua nimeshika nini. Lilikuwa dekedi boksi: nobu ya kwanza inaongeza omu moja moja (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi rezista inavyozuia umeme), ya pili kumi kumi, ya tatu mia mia, na kuendelea, hadi unapata ukinzani unaoutaka bila kupekua kopo la rezista. Ukiwa unajenga amplifaya, au unataka kuikagua mita yako, utalipenda.

Usiku uleule niliharibu. Nobu zote zikiwa sifuri, mita ilisoma omu 1.9. Nikafungua skrubu, nikachukua spiriti na mswaki, nikasugua kila nilichokiona, swichi na koili pamoja (koili za waya ndizo rezista zenyewe humo). Asubuhi koili tatu za waya mwembamba zilikuwa zimelegea kama uzi uliochomoka kwenye kibiringo. Zilikuwa zimepakwa vanishi ya sheleki, ileile ambayo maseremala huiloweka kwenye spiriti wapate polishi ya kupaka kabati. Nilikuwa nimeiyeyusha kwa mkono wangu. Baya zaidi, sikuwa nimeandika namba hata moja kabla ya kufungua, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua koili zipi zilikuwa mbovu tangu mwanzo na zipi nimezitia ubovu mimi.

Ndiyo maana siku hizi kalamu inatangulia bisibisi.

Kosa lina sura yake

Chukua daftari, upime kila nobu kuanzia 0 hadi 9, nyingine zote zikiwa sifuri. Nobu sita ni vipimo sitini. Nusu saa na kikombe cha chai vinatosha. Kisha angalia tofauti kati ya namba iliyoandikwa kwenye nobu na ile iliyosomwa na mita.

Kama tofauti ni omu zilezile popote uendapo, mfano nusu omu kwenye 10 na nusu omu kwenye 900, ubovu uko njiani: swichi, tamino au waya. Kama inaanzia tarakimu fulani na kuendelea hivyohivyo hadi 9, kuna rezista moja iliyoharibika. Kama thamani kubwa ndizo zinazosoma chini, na kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo zinavyozidi kupungua, umeme unavuja pembeni. Na kama kila nobu imezidi kwa asilimia ileile, usiligombeze sanduku. Mita ndiyo inayosema uongo, kwa sababu rezista hamsini na nne haziwezi kukaa kikao zikakubaliana kuzeeka sawasawa.

Kuhusu hiyo mita: nyingi za bei nafuu zinaruhusiwa kukosea karibu asilimia 1 kwenye omu, na sanduku zuri la zamani huwa sahihi kuliko hapo. Utampimaje mwalimu kwa mtihani wa mwanafunzi? Dawa ni kununua rezista chache zenye kosa lisilozidi asilimia 0.1, tuseme omu 100, 1,000, 10,000 na 100,000, uziweke kando kama mashahidi. Pima shahidi kwanza, kisha pima sanduku kwenye rengi ileile ya mita, halafu linganisha namba mbili. Kosa la mita limeingia kote kuwili, kwa hiyo linajifuta. Ukihitaji cheti kabisa, maabara ya ugezi (ya kuhakiki vipimo) ya TBS, shirika la viwango, pale Ubungo ndiyo kazi yao, ila kwa mtu wa redio na amplifaya hiyo ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya bakuli moja la supu.

Dalili: sifuri haisomi sifuri, au namba zinarukaruka

Hii ndiyo dalili utakayokutana nayo zaidi hapa Dar. Kabla ya kulaumu swichi, gusanisha probu za mita zenyewe kwa zenyewe. Zangu zinasoma omu 0.3. Toa hiyo kwanza. Kwangu 1.9 ikabaki 1.6, bado nyingi mno. Sanduku zima la nobu sita lenye afya linapaswa kubaki na mili-omu chache (mili-omu ni omu moja gawa kwa elfu) kwa kila swichi.

Mita ya kawaida haioni mili-omu, lakini unaweza kuilazimisha. Chukua betri ya bodaboda ya volti 12, ifunge kwa mfululizo (moja baada ya nyingine) na rezista ya omu 120 ya wati 5, pitisha mkondo huo ndani ya sanduku nobu zote zikiwa sifuri. Utapata takriban miliampea 100. Sasa mita iweke kwenye milivolti na uguse tamino za sanduku kwa probu peke yake, si pale waya wa betri ulipofungiwa. Kwa mkondo huo, kila milivolti moja ni mili-omu kumi. Ukinzani wa probu haukuhusu tena, kwa kuwa mkondo haupiti humo. Huku ndiko wenyewe wanakokuita kupima kwa waya nne.

Ukishafungua sanduku, endelea na mkondo uleule uguse swichi moja moja, kutoka inapoingilia hadi inapotokea. Langu lilijieleza lenyewe: swichi tano zilitoa chini ya milivolti 0.4 kila moja, ya sita ikatoa 130. Yaani omu 1.3 yote imekaa kwenye swichi moja, ile ya maelfu, na tamino moja ya kijani ikachangia milivolti 25 zaidi. Swichi tano nzima nilikuwa nimezisugua bure.

Kabla ya dawa yoyote, zungusha nobu mara thelathini kwenda na kurudi. Ndivyo ulimi wa swichi unavyojisafisha, na sanduku lililolala kabatini miaka kumi mara nyingi linahitaji hilo tu. Kama haikutosha, kata kipande cha karatasi nene kama ya kadi ya harusi, kiloweshe spiriti kidogo, kiingize chini ya ulimi na ukivute. Kitatoka na mstari mweusi. Weusi huo kwenye mguso uliopakwa fedha ni salfaidi, nao unatoka taratibu. Rudia kwa karatasi safi hadi mstari upotee. Msasa usiuguse. Utaondoa fedha yote kwa mara moja, na shaba iliyobaki wazi itashika kutu kabla masika hayajaisha. Mwisho paka mafuta mepesi ya kujipaka, yale meupe ya kopo yasiyo na manukato, kwa ncha ya kijiti, kiasi ambacho hukioni. Yanazuia hewa na yanapunguza kulika.

Dawa ya kupuliza? Ninayo, siitumii humu. Inafika isipotakiwa, inaacha utando kwenye paneli, na utando huo unakuletea ugonjwa mwingine nitakaoueleza chini.

Tamino za kijani zitoe kabisa, sugua kwa limao na chumvi, suuza kwa maji safi, kausha juani, ndipo urudishe. Nati ya ndani ndiyo inayosahaulika. Ikilegea, namba zitaruka kila ukigusa waya. Baada ya yote hayo sanduku langu likasoma mili-omu 28 kwenye sifuri.

Dalili: kosa linaanzia tarakimu fulani

Daftari langu la nobu ya maelfu lilisema hivi: 1,000, kisha 2,001, kisha 3,047, 4,048, 5,048, hadi mwisho. Huhitaji kupima rezista moja moja. Mbili za kwanza nzima, ya tatu imezidi kwa omu 46, na zinazofuata zinaubeba mzigo wa ya tatu bila kuongeza wa kwao. Nilipofungua nikaikuta: katikati ya koili nzuri za waya, fundi aliyepita alikuwa amechomeka rezista moja ya kaboni, ya kahawia, imechomelewa kwa haraka. Kaboni hunyonya unyevu na kupanda thamani hata ikikaa bila kazi; kuzidi asilimia 5 kwa rezista kuukuu ni jambo la kawaida.

Angalizo: si kila sanduku lina rezista tisa sawa kwa kila nobu. Mengine yana nne tu, tuseme ya 1, ya 2, nyingine ya 2 na ya 4, na swichi inazichanganya. Hapo 3 ni 1 na 2, 5 ni 4 na 1, 7 ni 4 na 2 na 1. Sura ya kosa inabadilika: ikiharibika ya 1, utaona tarakimu za witiri tu zimekosea; ikiharibika ya 4, kuanzia 4 hadi 9 zote. Watu wengi hukata tamaa wakiona 3, 5, 7 na 9 zimepinda kwa pamoja, wakidhani rezista nne zimekufa. Imekufa moja.

Rezista ya kaboni iliyozidi badilisha, usiibembeleze, itaendelea kupanda. Weka ya metali, ile ya mwili wa bluu, ya asilimia 1. Usinunue moja: nunua mia, ni bei ya soda chache, kisha zipime dhidi ya shahidi wako na uchague zilizokaribia. Ukibadilisha nobu nzima, panga iliyozidi kidogo ifuatwe na iliyopungua kidogo, ili jumla irudi katikati kila hatua mbili. Ukishachomelea, acha saa moja ipoe kabla ya kupima.

Koili ya waya ni habari nyingine. Waya wake kwa kawaida ni manganini, aloi ya shaba, manganizi na nikeli ambayo Edward Weston aliivumbua mwishoni mwa karne ya 19, na ukinzani wake karibu haubadiliki kwa joto la chumba. Koili kama hiyo usiitupe. Kwanza kagua maungio: kama kuna unga wa kijani, fundi aliyepita alitumia asidi ya rejeta kuchomelea, nayo inautafuna waya hadi leo. Osha, kwangua kwa ncha ya wembe, chomelea upya kwa risasi yenye utomvu ndani. Ikibaki imezidi kidogo, ipunguze kwa kuifungia rezista kubwa sambamba (ubavuni, ncha kwa ncha). Yangu ya omu 100 ilisoma 100.6. Hesabu ni 100.6 mara 100, gawa kwa 0.6, unapata karibu 16,770. Nikafunga 15,000 na 1,800 kwa mfululizo, zikakaa sambamba na koili, ikasoma 100.00. Uzuri ni kwamba hizo mbili hata zikikosea asilimia 5, jumla inasogea asilimia 0.03 tu. Koili iliyopungua chini ya thamani haifungiwi rezista sambamba. Hiyo ongeza kipande kifupi cha waya wa manganini kwa mfululizo, kama umekipata.

Dalili: mega-omu zinapungua mvua ikinyesha

Rafiki yangu mwenye karakana Kigamboni alinipigia mwezi wa nne akilalamika kwamba sanduku lake "linaugua malaria": linasoma vizuri mchana wa jua, jioni ya mvua nobu ya mwisho inashuka. Nikamwambia anisomee namba. Mega-omu 10 (omu milioni kumi) ilisoma 9.52, mega-omu 1 ikasoma 0.995, elfu moja haikutikisika. Hiyo ni njia ya pembeni ya takriban mega-omu 200, ipo kwenye thamani zote, ila rezista ndogo haiijali. Ukiweka mega-omu 200 sambamba na 10, unapata 9.52 kamili.

Njia yenyewe ni paneli. Bakelaiti na mbao za karatasi zilizogandishwa kwa gundi hunyonya maji, na upepo wa bahari unaongeza chumvi juu yake. Jasho la vidole nalo lina chumvi. Futa paneli ndani na nje kwa pamba yenye spiriti, kuzunguka tamino na kuzunguka miguu ya swichi, ukikaa mbali na koili (mimi nishalipia ada ya somo hilo). Kisha kausha. Taa ya kuangulia vifaranga inafaa sana: weka sanduku likiwa wazi ndani ya boksi la katoni, taa nusu mita juu yake, usiku mzima. Lisizidi joto ambalo mkono unavumilia, nta na vanishi vitalainika. Likishakauka tia pakiti za zile punje za kuzuia unyevu zinazokuja na viatu, funga kifuniko. Punje zikilowa unazikaanga kwenye kikaango kikavu zikarudi kazini.

Unyevu unawagusa hata wenye koili nzuri, kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 1907 Rosa na Babcock, wa taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, walionyesha kwamba sheleki ikinyonya unyevu huvimba na kuuvuta waya, ukinzani ukapanda msimu wa unyevu na kushuka msimu wa ukavu. Suluhisho lao lilikuwa kuzifungia koili ndani ya kopo la mafuta lisiloingiza hewa. Kwa amplifaya huna haja ya kufika huko, lakini ukiona sanduku lako la daraja la juu linatofautiana kidogo kati ya Mei na Agosti, usikimbilie kuchomelea.

Dalili: ukigeuza waya, jibu linabadilika

Pima, badilisha nyekundu na nyeusi, pima tena. Rezista haina mbele wala nyuma. Namba zikitofautiana kwenye thamani ndogo, kuna volti ndogo ndani ya sanduku lenyewe. Chanzo cha kwanza ni joto: pale metali mbili tofauti zinapoungana, ncha moja ikiwa na joto kuliko nyingine, volti inazaliwa. Shaba na manganini hutoa mikrovolti chache tu kwa kila nyuzi. Shaba na konstantani, aloi nyingine ya shaba na nikeli, hutoa karibu 40. Mita inayopitisha miliampea 1 kwenye omu 1 inasoma milivolti moja tu, kwa hiyo tofauti ya nyuzi tano kwenye konstantani, yaani mikrovolti 200, inaharibu jibu kwa asilimia 20. Nyuzi tano ni kiganja chako kikipumzika upande mmoja, au feni ikipuliza upande mmoja. Subiri lipoe, pima pande zote mbili, chukua wastani. Kama volti inabaki hata baada ya saa nzima, kuna unyevu wenye chumvi kati ya metali mbili umejifanya betri. Rudi kwenye kusafisha.

Dalili: namba ni sahihi, ila ni ya jirani

Nobu inasema 4, mita inasema 5, na ni hivyo kwenye nobu hiyo tu. Skrubu ndogo ya pembeni imelegea, nobu imeteleza. Zungusha hadi usome sifuri, elekeza alama kwenye 0, kaza. Dakika mbili.

Kwa masanduku ya plagi za shaba, yale ya maabara za fizikia za kidato cha tano na sita, kumbuka mambo yako kinyume: plagi ikitoka ndipo ukinzani unapoingia. Na ukichomeka plagi moja kwa nguvu, vipande vya shaba vinasukumana na plagi ya jirani inalegea. Zipitie zote kwa kuzikaza na kuzizungusha kidogo kabla ya kila kipimo.

Dalili: saketi inashtuka unapozungusha nobu, au kuna mvumo

Swichi nyingi huachia kituo kimoja kabla ya kushika kingine, kwa hiyo kwa kitambo kidogo saketi iko wazi. Nyingine hushika vyote viwili kwanza. Jua lako ni lipi kabla ya kuliweka mahali ambapo kukatika kunapandisha volti. Na ukitoka 9 kwenda 10, zungusha makumi kwanza upite 19, ndipo ushushe moja moja. Ukianza na moja moja unapita kwenye sifuri, na sifuri mbele ya betri ni cheche.

Mvumo wa umeme wa Tanesco kwenye spika unaondoka ukiunganisha tamino ya tatu, ile iliyoungwa na bodi ya sanduku lenyewe, na ardhi ya saketi. Ukitumia mega-omu kwenye saketi ya sauti, usitegemee sana: pikofaradi 100 tu (kiasi kidogo cha uwezo wa kuhifadhi chaji) kati ya waya za ndani zinaanza kula sauti yako kwenye hezi 1,600 hivi.

Dalili: nobu moja haisomi chochote

Mita inaonyesha haina njia, kuanzia tarakimu fulani. Fungua unuse. Mtu aliweka volti 12 kwenye omu 10, zikazaliwa wati 14 ndani ya koili ya nusu wati. Kama waya umekatika kwenye ungio, una bahati, chomelea. Kama umeungua katikati na vanishi imekuwa nyeusi, hiyo koili imekwenda. Nobu za omu ndogo ndizo zinazokufa hivi, kwa hiyo mahali pake weka rezista za metali za wati 1 ulizozichagua, na kwa omu 1 funga kumi za omu 10 sambamba.

Kwa koili ya nusu wati, mwisho wa mkondo ni ampea 0.7 kwenye nobu ya omu moja moja, miliampea 220 kwenye kumi kumi, 70 kwenye mia mia, 22 kwenye maelfu, 7 kwenye makumi elfu. Namba hizo nimeziandika kwenye kibandiko na kukibandika mbele, chini ya kila nobu, sehemu ambayo mkono lazima uipitie.